Ngazi za Rasi, Ukuta wa Ghuba

2 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Nimestaafu. Nadhani habari umekwisha kuisikia kwa watu, kwa maana habari zangu zote wewe huzipata kwa watu. Kwa miaka thelathini na mmoja nimepiga chapa hukumu za mahakama, na siku ya mwisho mahakimu watatu walisimama wakanipigia makofi. Mmoja wao bado anasubiri ukurasa wa tisa wa hukumu yake.

Wamenipa zawadi. Ni safari ya siku saba kwa watu wawili, katika ufukwe mmojawapo kati ya zile mbili ambazo kila mwenye likizo huzizungumzia. Kuna Rasi, penye majabali na maji ya kina, na kuna Ghuba, penye mchanga mweupe na muziki. Nimetakiwa kuchagua kabla ya tarehe thelathini Aprili. Nisipochagua, zawadi inapotea. Mtu wa pili ni wewe. Sina mwingine.

Nimechagua Ghuba.

Sababu ni afya yako. Tangu ulipolazwa hospitali mwaka jana, wiki ile tuliyompoteza Mama, sijakuuliza sawasawa umeponaje. Mama nilimzika peke yangu, na kila mwombolezaji aliyeuliza nilimwambia kwamba mdogo wangu yuko kitandani, ametundikiwa dripu. Wengine walilia kwa ajili yako kuliko walivyomlilia marehemu. Mtu aliyeugua hivyo hafai kupandishwa majabali.

Usinipigie simu. Jambo la kuamuliwa liandikwe. Kwenye simu hunikatiza, na baadaye kila mtu hukumbuka lake.

Cherehani cha Mama nimekifunika kwa shuka. Njoo siku moja ukichukue.

Dada yako,
Hakimu
(jina mlilonipa ninyi, si serikali)

*

11 Machi

Dada Hakimu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, nikasimama na kitana hewani mpaka akaniuliza kama nimeona nyoka.

Ghuba? Wewe? Wewe uliyemhamisha jirani kwa sababu redio yake ilikuwa inanong'ona? Kwenye harusi ya binamu yetu si wewe uliyemwendea mpiga ngoma ukamwuliza anamaliza saa ngapi, naye hajaanza? Dada, Ghuba muziki unaanza kabla ya chai. Utatoka mle umebebwa.

Twende Rasi. Rasi ni pako kabisa. Pako kimya, watu wanasoma vitabu, hakuna anayemsalimu mwenzake kwa sauti. Wamechonga ngazi kwenye jabali, mia moja na kumi na mbili, kutoka hotelini mpaka majini. Najua unavyopenda kuhesabu vitu. Zihesabu hata mara mbili kwa siku, mimi nitakusubiri chini na maji ya kunywa.

Afya yangu ni nzuri mno, mno. Tafadhali usitaje tena hospitali. Nikisikia neno dripu naumwa upya.

Halafu, Dada, kile kikaratasi ulichonitumia baada ya barua sikukielewa hata neno moja. Mistari mitatu, herufi zimemwagika tu, hakuna hata silabi inayosomeka. Nimewaonyesha wasusi wenzangu wote. Mmoja amesema ni lugha ya mahakamani. Paka amepita juu ya mashine?

Mdogo wako,
Chiriku

*

20 Machi

Bwana Karani,
Ofisi ya Safari

Mimi ndiye mstaafu wa mahakama mwenye hati ya zawadi ya watu wawili. Nachagua Ghuba, chumba kimoja chenye vitanda viwili, mimi na mdogo wangu. Anwani zetu zote mbili zimo katika fomu.

Nakueleza sababu ili usije ukanishawishi kubadili. Macho yangu yanakwisha. Daktari amesema ni presha ya macho iliyocheleweshwa, na kwamba mwaka huu ukiisha, kitakachobaki ni mwanga na kivuli. Jicho la kushoto limekwisha kutangulia. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia katika tundu la ufunguo. Barua hii naipiga kwa mazoea ya vidole. Vidole vikianzia mahali pasipo pake, ukurasa mzima huwa takataka, wala sijui mpaka niambiwe. Barua ninazopokea nasomewa na mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, ambaye ni muuguzi na hana mdomo.

Rasi pana ngazi mia moja na kumi na mbili. Mimi nimeanguka mara mbili kwenye ngazi tatu za mlango wangu mwenyewe. Nataka kuiona bahari mara moja zaidi nikiwa na mdogo wangu, tukae mahali tambarare, nimtazame usoni, hata kama itanibidi kumtazama kipande kipande.

Yeye asijue. Akijua ataanza kunihurumia, na huruma yake ina kelele.

Herufi za jibu lako ziwe kubwa.

Mstaafu

*

25 Machi

BIBI MTEJA,

NIMEPOKEA BARUA YAKO NA NIMEHUZUNIKA. CHUMBA KIMOJA, GHUBA, KUANZIA TAREHE 12 MEI. HERUFI HIZI ZINATOSHA? NAWEZA KUZIONGEZA.

NAKUFAHAMISHA PIA KANUNI YA OFISI YETU. CHUMBA KIMOJA NI FAILI MOJA. KILA BARUA TUNAYOMTUMIA MSAFIRI YEYOTE WA CHUMBA HICHO HUAMBATANISHWA NA NAKALA YA BARUA YA MWISHO ILIYOMO FAILINI, ILI MTEJA ASIJE AKASEMA HAKUANDIKA. KWA HIYO NIMEAMBATANISHA BARUA YAKO MWENYEWE. NAJUA UNAYAJUA YALIYOMO. NI KANUNI TU.

MDOGO WAKO SIJAMWANDIKIA NENO.

KARANI, MEZA YA PILI

*

28 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Mashine yangu ni kuukuu. Hilo la kikaratasi liishie hapo. Kilikuwa kinakuuliza kama bado unapenda kulala upande wa dirisha.

Ama kuhusu muziki, mtu hubadilika. Nimekuwa nikiusikiliza siku hizi kwa mpangaji wangu, na baadhi ya nyimbo zina mpangilio mzuri wa mawazo. Ghuba inanifaa. Mchanga ni tambarare, hoteli ni ya chini, bahari iko mlangoni. Nimeshamwandikia karani.

Ninachoshindwa kukielewa ni wewe. Tangu ukiwa na miaka saba hukuwahi kuusikia muziki ukakaa. Mama alikuwa akikupima gauni huku unacheza, akakuchoma na pini, nawe ukaendelea kucheza. Leo nakuita mahali panapochezwa mchana kutwa, nawe unaniambia mambo ya watu kusoma vitabu. Ulisoma kitabu gani mara ya mwisho? Nijibu kwa kukitaja.

Hakimu

*

5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mambo ya vitabu tuyaache, usinifanyie mahakama.

Ghuba haifai, niamini mimi. Mchanga wake saa sita mchana unaunguza nyayo. Yale maji ni mafupi, unatembea mpaka unachoka na bado yako magotini. Supu wanaiweka pilipili bila kumwuliza mtu. Pale mapokezi, kwenye ule ukuta wa samawati, pana foleni asubuhi na jioni, watu wamesimama na taulo mabegani wanatazamana tu. Hutapata hata pa kuweka begi.

Na usiku mbu.

Rasi, Dada. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu tumekuwa watu wazima.

Chiriku

*

9 Aprili

Mdogo wangu,

Umeandika "ule ukuta wa samawati". Umejuaje rangi ya ukuta wa mapokezi wa Ghuba? Umejuaje supu yao? Kama uliwahi kwenda, ulikwenda lini?

Swali ni moja, na jibu lake ni fupi.

Hakimu

*

12 Aprili

Dada,

Niliona kwenye kalenda. Kalenda ya saluni. Ukuta ulikuwa kwenye mwezi wa Juni.

Supu nilisikia kwa mteja.

Chiriku

*

14 Aprili

Kaka Karani,

Hunijui. Mimi ni mtu wa pili katika chumba cha yule mstaafu wa mahakama, yule mwenye barua zisizo na kosa hata moja. Najua ameshakuandikia kwamba anataka Ghuba. Nakuomba, kwa heshima ya kazi yako na ya mama yako mzazi, umwandikie kwamba Ghuba imejaa. Mwambie imebaki Rasi tu. Atakukunjia uso kwenye barua, lakini atakwenda.

Nitakueleza kwa sababu sijamweleza mtu, na wewe hatutaonana.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, tulikwenda Ghuba wasusi sita. Mama yetu alikuwa mgonjwa wa kifua kwa dada. Nilimwambia dada kwamba nakwenda kwenye mafunzo ya rangi za nywele. Ningemwambia nakwenda kustarehe, angenipigia chapa hukumu ya kurasa kumi. Nilijiambia Mama amekuwa na kifua hicho miaka yote. Simu niliizima nikaifungia kabatini ili nipumzike. Siku ya tatu pale hotelini kulikuwa na shindano la kucheza, nikashinda. Wakanipiga picha, wakaitia fremu, wakaitundika kwenye ukuta wa mapokezi, na chini yake wakaandika tarehe kwa wino mweusi.

Tarehe hiyo ndiyo aliyokufa Mama.

Nilipowasha simu alikuwa na siku mbili kaburini. Nilikaa kwenye kitanda cha hoteli na viatu vya kuchezea miguuni. Nikampigia dada nikasema nilikuwa nimelazwa. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka, naye akalipokea, akaanza kunipa pole. Yeye aliyezika ndiye aliyenipa pole! Mpaka leo ananiuliza kama nimepona.

Msusi mwenzangu alikwenda Ghuba mwezi uliopita, akarudi kunichekea kwamba bado niko ukutani. Kaka, dada yangu husoma kila kilichoandikwa popote kilipo. Husoma maandishi ya chini ya chupa. Ataisoma tarehe hiyo kabla hajaweka begi chini, na hapo nitakuwa sina dada. Mama nimekwisha kumkosa. Nimebaki na huyu.

Andika imejaa. Ni neno moja.

Chiriku

*

17 Aprili

BIBI MTEJA,

NAOMBA MWONGOZO WAKO, KWA SABABU KICHWA CHANGU KIMECHOKA.

MSAFIRI WA PILI AMENIANDIKIA. ANAOMBA NIKUANDIKIE KWAMBA GHUBA IMEJAA. GHUBA HAIJAJAA. KANUNI HAIRUHUSU KUMWANDIKIA MTEJA UONGO, NA KANUNI HIYO HIYO HAIRUHUSU KUPUUZA OMBI LA MSAFIRI. NIMEFIKIRI SIKU MBILI. KWA HIYO NAKUANDIKIA KWAMBA AMENIOMBA NIKUANDIKIE KWAMBA GHUBA IMEJAA. NADHANI NIMETIMIZA YOTE MAWILI.

NAKALA YA BARUA YA MWISHO FAILINI IMEAMBATANISHWA KAMA KAWAIDA. SIKUPENDA KUIAMBATANISHA. NILIMWULIZA MKUU WANGU, AKANIAMBIA KANUNI HAINA MACHO. SAMAHANI, HAYO NI MANENO YAKE.

JE, NI GHUBA AU NI RASI?

KARANI, MEZA YA PILI

*

22 Aprili

Bwana Karani,

Mfute msafiri wa pili. Nitakwenda peke yangu.

Chumba kiwe cha chini, mlango usiwe na kizingiti. Nahitaji mtu wa hoteli wa kunishika mkono kutoka chumbani mpaka mezani na kutoka mezani mpaka mchangani, kwa sababu sioni pembeni, naanguka, na mwaka huu ukiisha sitaona kabisa. Mtu huyo asiwe msemaji.

Sina la kuongeza. Mjulishe anayehusika kama kanuni yenu inavyotaka.

Mstaafu

*

24 Aprili

Bibi Msafiri wa Pili,

Kwa masikitiko nakujulisha kwamba jina lako limefutwa katika chumba cha Ghuba kwa agizo la mwenye hati.

Sikuandika kwamba Ghuba imejaa. Nilishindwa. Nilichokiandika sasa nakiona hakikuwa bora zaidi.

Nakala ya barua ya mwisho imeambatanishwa. Nakushauri uisome ukiwa umekaa. Mwezi uliopita mwenye hati aliniagiza nisikuambie jambo fulani. Katika barua hii amelisema mwenyewe na hakuniagiza kitu, akataka ujulishwe kwa kanuni. Nimeisoma mara nyingi na sijui kama amesahau au hakusahau. Mtu wa namna yake husahau?

Karani, Meza ya Pili

*

26 Aprili

Dada,

Hii nampa dereva wa basi la asubuhi mkononi, maana nikiitia kwenye sanduku la posta nitazeeka nikiisubiri.

Shikamoo. Sijui kama bado nina haki ya kukuamkia. Niliamka, nikafungua saluni, nikapokea barua ya karani, nikafunga saluni. Kuna mteja nimemwacha na nusu ya kichwa. Amekaa nje kwenye ngazi ananitukana, na ana haki.

Sijui nianze na lipi. Nikianza kuomba radhi kwa lile langu, naliona hilo lako mbele yangu. Nikianza kuuliza habari za macho yako, nakumbuka kwamba mtu mwenye uongo kama wangu hana mdomo wa kukuuliza kwa nini ulificha. Nimekaa miezi kumi na mitano nikiogopa kwamba utaisoma ile tarehe. Nikalala nikiota unaisoma. Na wewe hungeiona! Ungepita mbele ya ule ukuta, ukauliza foleni inaishia wapi, basi. Nilipolijua hilo nilicheka, Dada, Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu ndani ya saluni iliyofungwa.

Kile kikaratasi cha herufi zilizomwagika niliwaonyesha watu wakacheka. Nami nilicheka.

Nilikwambia uhesabu ngazi za Rasi.

Nilikuwa Ghuba. Sikuwa hospitali. Siku ile Mama anakata roho nilikuwa nacheza, na watu wananipigia makofi. Naliandika hili kwa mkono wangu na kwako wewe, si kwa karani, ili liwe limeandikwa.

Usiende na mtu wa hoteli. Nifute kwenye zawadi, usile nami, usiseme nami, lakini mkono nikushike mimi. Nitanyamaza siku saba. Najua huamini.

Chiriku

*

28 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Dereva aligonga mlango kama anayetoa mtu gerezani.

Naanza na karani, kwa sababu yeye ni mwepesi. Usidhani alinisaliti. Kanuni yake aliniandikia mwezi wa tatu, kwa herufi za ukubwa wa vikombe. Nilipomwandikia tarehe ishirini na mbili nilijua kwamba nakala itakufikia. Nilitaka ikufikie. Nilijaribu kukuandikia mimi mwenyewe, mara nne, na kila mara nilisimama palepale. Ni rahisi kumwambia mtu wa Meza ya Pili kwamba unaanguka. Nadhani wewe pia umeliona hilo.

Sasa lako. Barua yako kwa karani nilisomewa na mpangaji. Alipofika kwenye tarehe alisita, nikamwambia aendelee. Alipomaliza aliniuliza kama niko sawa, nikamwambia aisome tena, maana nilidhani ameruka mstari. Hakuwa ameruka.

Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nilishangaa kwamba sikujua. Miaka thelathini na mmoja nimepiga chapa ushahidi wa waongo, naweza kumtambua shahidi wa uongo kwa jinsi anavyotaja saa. Wewe ulinitajia dripu, kitanda, homa, na nikaandika vyote kichwani bila kuuliza hata wodi. Sijui ni kwa nini. Labda nilihitaji uwe mgonjwa. Kama hukuwa mgonjwa, basi nilikuwa peke yangu mbele ya lile kaburi bila sababu yoyote.

Unataka kujua kama nimekusamehe. Sijui. Nimelitafuta jibu siku sita, sijaliona. Mahakamani, jambo lisipokuwa tayari huahirishwa mpaka tarehe fulani. Mimi hata tarehe ya kutaja sina.

Ninayoyajua ni haya. Rasi siwezi. Ghuba naiweza. Mtu wa hoteli simjui mikono. Na ukutani pana picha ya tarehe ile, ambayo mimi sikuwa na wewe na wewe hukuwa na mimi, na bado sijaambiwa ilikuwaje upande wako. Upande wangu naujua wote.

Utanisimamisha mbele ya picha hiyo na utaniambia kilichomo, bila kuruka kitu. Ukilia, utalia ukimaliza.

Huyo mteja umalizie kichwa chake.

Dada yako

*

30 Aprili

BIBI MTEJA, NA BIBI MSAFIRI WA PILI (NAKALA),

LEO, SIKU YA MWISHO, NIMEPOKEA BARUA MBILI. YA KWANZA INASEMA: GHUBA, WATU WAWILI. YA PILI INASEMA: GHUBA, WATU WAWILI. NI MARA YA KWANZA MNAKUBALIANA, NAMI NIMEINGIWA NA HOFU. NIMEMPA MKUU WANGU AZISOME ASIJE AKASEMA NIMEZICHANGANYA.

CHUMBA NI CHENU. HAKUNA KIZINGITI, NIMEULIZA.

KWA KUWA FAILI SASA LINAFUNGWA, NINA OMBI LISILO LA KIOFISI. NIMEKAA MEZA YA PILI MIAKA SITA, WATU HUCHAGUA UFUKWE KWA SABABU YA HALI YA HEWA. SIJUI KAMA KATIKA JAMBO LENU NILIHARIBU AU NILITENGENEZA. MKIJUA, NIANDIKIENI.

KARANI

*

Ghuba, 13 Mei

Kaka Karani,

Naandika mimi, Chiriku, lakini Dada ameketi hapa ubavuni na anataka ujibiwe sawasawa. Anasema niandike kwamba kanuni yenu ni mbovu na inafaa kufutwa. Anasema pia niandike kwamba anakushukuru. Nimemwuliza ni lipi kati ya hayo mawili, amesema andika yote.

Tulifika jana alasiri. Sikunyamaza njiani, lakini nilijitahidi. Mkono wangu haukumwacha, ila pale alipotaka kutembea mwenyewe mchangani, akatembea hatua ishirini na tisa akiwa ameinua uso. Alizihesabu. Kisha akaniuliza bahari inaishia wapi, nikamwambia haionekani inapoishia, akasema, "Basi leo tunaona sawa."

Asubuhi hii tulikwenda kwenye ukuta. Foleni ilikuwepo, watu na taulo zao. Nikamsimamisha mbele ya picha.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma. Mshindi wa kucheza, halafu tarehe.

"Saa?"

"Haikuandikwa. Ilikuwa alasiri."

"Mama alikata roho alasiri," akasema.

Tukasimama. Bwana mmoja aliyekuwa nyuma yetu akauliza kama tuko kwenye foleni au tunatazama tu. Dada akamwambia asubiri, kwa sauti ile ya mahakamani, na yule bwana akarudi nyuma hatua mbili.

"Umevaa nini hapo?"

"Gauni la kijani."

"Lile alilokushonea Mama?"

"Ndilo. Lile alilonichoma na pini."

"Unacheka?"

Kaka, hapo nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, kama lile la mwaka jana.

"Nacheka," nikasema. "Nimefungua mdomo wote. Meno yote yanaonekana."

Sijui alikuwa anafikiri nini, na sikuuliza. Kisha akanyoosha kidole aguse kioo cha picha. Alikosea. Alikuwa anamgusa mzee wa fremu ya pembeni, mwenye kofia ya majani na samaki mkononi, anampapasa shavu polepole huku amefumba macho.

Nikaushika mkono wake, nikausogeza mpaka kwangu.

Chiriku, kwa mkono
Hakimu, kwa maneno